Gradi Ndani ya Bwawa

…na mbona anaingia majini, Gradi huyu, mdogo wangu ambaye tangu ajali ya boti hasogelei hata mto, simu nimeiegemeza kwenye kioo cha saluni, mikono yangu imo kichwani mwa Mama Melania, msuko wa tatu kutoka sikioni, na kule Ujerumani magharibi anakofanya kazi uwanja wa gofu umekolea kijani, miti mirefu, mabwawa, bata, "Yaya Falonne," ndivyo anavyoniita mimi dada yake mkubwa, "unaniona?" naona, naona, simu yake ameisimamisha ukingoni, amevaa suruali ya mpira inayofika kifuani, wakubwa wake wamemtuma ang'oe magugu ya majini kabla ya mashindano ya Jumamosi, maji yako magotini, sasa kiunoni… boti ya kwenda Moba, kule kwetu ziwani, nayo ilijaa maji polepole, walisema watu wa Kalemie, ikalala ubavu, na mimi nilibaki nchi kavu, niliwapandisha mwenyewe, Gradi miaka kumi na moja, mdogo wetu Orpha sita, nikamwambia mshike mkono, usimwachie… "Dada, mbona umeacha kusuka?" anauliza Mama Melania, samahani mama, rasta zimejisokota, nasema, nasuka, nje mtaa wa Yeoville unatetemeka kwa baridi ya Julai… miaka kumi na minne sijamuuliza, msibani kwa Orpha sikumuuliza, hapa Joburg tuliishi chumba kimoja, nikampikia, nikamfulia, nikamsindikiza uwanja wa ndege, na siku zote hizo nilikuwa namuuliza kwa macho, naye alikuwa anasikia, eish, alikuwa anasikia… "Yaya, mkono haukuteleza," anasema Gradi, "niliwaambia uliteleza, ni uongo, Orpha alikuwa ananivuta chini, nikamwachia," na vidole vyangu vinakwama nyweleni, nilidhani siku nikilisikia neno hili nitapiga yowe mpaka mtaa mzima ukusanyike, lakini yowe haliji, namwona tu mtoto wa mbavu za kuhesabika, amepewa mzigo wa mtu mzima kwa sababu mtu mzima alitaka kubaki… na mbona nilibaki, Falonne, sema, nilibaki kwa ajili ya Suhaib wa duka la vitambaa, aliyeniahidi tungeonana jioni ile, basi, hilo tu, hata hakutokea, na hakuna aliyewahi kuniuliza, wote walimuuliza mtoto… "Uko hapo, yaya?" niko, nasema, niko, Mama Melania amenyoosha mkono akazima redio, "Gradi, nisikilize, nilipaswa kupanda na ninyi, mama alinituma mimi niwapeleke, mimi, nikakutwika wewe," na yeye amesimama palepale, maji kiunoni, anafuta uso kwa mkono wenye matope, na mimi namtazama, namtazama kweli, si yule mtoto, ni mwanaume, amefuga ndevu, zimemkaa vizuri, sijui amezifuga tangu lini…