Kura ya Mikono kwa Thankful Bascom

Jeneza la Eliphalet Tuttle lilikaa siku mbili katika banda la mhunzi wa Wexbury kwa sababu dada yake, Jerusha, alikataa kulipokea. Marehemu alifia ugenini, Halifax, na wasia wake ulikuwa mmoja tu: azikwe kando ya mama yake. Eneo la makaburi ni la ukoo, mwenye usemi ni Jerusha, na Jerusha alikwishakata shauri.

"Aliyemuuza baba hatalala karibu na mama," aliwaambia waliomletea habari, akawafungia mlango.

Thankful Bascom aliletewa maneno hayo jikoni kwake, akimenya tufaha. Akaweka kisu chini. Aliyemuuza mzee Tuttle alikuwa yeye.

Miaka arobaini na tisa ilikuwa imepita. Wakati huo alikuwa na miaka kumi na mitatu, na nyumbani kwao waliwekewa kwa lazima ofisa wa Mfalme, mtu mpole aliyekuwa akimpasulia mama yake kuni. Wanaume wa Wexbury walikuwa wameficha mapipa ya baruti katika ghala la mzee Tuttle, wakingoja siku ya kuwatimua askari wa Uingereza. Kaka yake Thankful alikuwa miongoni mwa watakaoshika bunduki. Binti akapiga hesabu zake za kitoto: baruti ikiondoka, hapigani mtu, hafi mtu. Akamnong'oneza ofisa, naye akaapa kwamba hakuna atakayeguswa.

Baruti ikabebwa alfajiri bila risasi hata moja. Vijiji jirani vikavunjika moyo, uasi ukazimika kabla haujawaka, na makoloni yote kumi na matatu ya Amerika yakabaki chini ya Mfalme mpaka leo. Mzee Tuttle akanyongwa Boston.

Lawama zikamwangukia mwanawe, Eliphalet, kwa kuwa alionekana akimuuzia yule ofisa pombe ya tufaha. Alikana, akalia, akaapa kwa Biblia, wapi! Jerusha alimtemea mate mbele ya watu. Kijana akaondoka na nguo alizovaa, na Thankful alikuwa pale pale uani, anatazama, mdomo kaufumba. Akaufumba mwaka huo na uliofuata, mpaka akazoea. Baya zaidi, akawa rafiki mkubwa wa Jerusha.

Siku hizi usimwulize mtu wa Wexbury babu yake alikuwa upande gani. Wote watakwambia upande wa Mfalme, tena tangu tumboni. Ukiwasikiliza utadhani yale mapipa yalijiingiza ghalani yenyewe.

Kanisani kwao mwenye dhambi nzito huiandika, akampa mchungaji, na Jumapili akasimama katikati ya kanisa ikisomwa mbele ya wote. Kisha waumini hupiga kura kwa kuinua mikono: asamehewe au atengwe. Thankful mwenyewe aliwahi kuinua mkono kuwatenga walevi na wasichana walioshika mimba kabla ya ndoa. Alikuwa akiuinua haraka kuliko wenzake, na kila mara aliona haya baadaye.

Jumamosi aliandika ya kwake. Mchungaji Whitcomb, kijana aliyeletwa mwaka juzi, aliisoma akakuna kichwa.

"Bi Thankful, una hakika unataka hili lisomwe?"

"Lisome lote, baba. Usiruke neno."

Jumapili akasimama. Moyoni alikuwa na nafuu ya ajabu: leo watamtenga, watamtemea mate yeye, na Eliphalet atazikwa. Mchungaji akasoma mpaka mwisho. Kisha Shemasi Norcross akainuka na tumbo lake.

"Mchungaji, mimi naomba kuuliza. Dhambi yenyewe iko wapi hapo?"

"Shemasi..."

"Mama huyu katuokoa! Bila yeye si tungechinjana hapa? Mnamsimamisha kama mwizi wa kuku, aibu gani hii!"

"Apewe kiti cha mbele!" mtu akapaza sauti.

"Gavana aandikiwe!" akadakia mwingine.

"Kura yetu ni kusamehe au kutenga," alisema Mchungaji. "Hakuna nyingine."

"Haya, kusamehe, ilimradi tumalize," alisema Norcross, na mikono ikainuka kanisa zima. Wengine wakapiga makofi, jambo ambalo halijapata kutokea humo ndani.

"Shusheni mikono!" Thankful alipiga kelele. "Sikuja kupongezwa! Kuna mtu kanyongwa! Kuna mtu kafukuzwa kwao na hakufanya kitu!"

"Tulia, mama," alisema Norcross kwa upole. "Ni uzee huo."

Jerusha peke yake hakuinua mkono. Aliinuka, akatoka nje. Thankful akamfuata na kumkuta ameegemea ukuta wa kanisa, hana hata shali, na baridi ya Novemba inakata.

"Kaburi lichimbwe leo," alisema Jerusha bila kumtazama. "Kando ya mama. Waambie."

"Nitawaambia. Jerusha, shoga yangu, nipige. Nitukane. Hao wa ndani wamenipigia makofi."

"Nikutukane nini? Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa mtoto mwaka ule tu. Baadaye je?"

Jerusha alikuwa akitazama viganja vyake.

"Eliphalet alikuwa ananiandikia, unajua? Kila kiangazi, barua moja. Miaka yote hiyo. Sikufungua hata moja, naziwashia moto. Nilikuwa nafurahi, Thankful. Naziangalia zinaungua, nafurahi. Ya mwisho ilikuja Agosti hii. Nene, si kama zile nyingine. Nikaitia motoni vilevile. Sijui alitaka kuniambia nini."

Thankful akanyoosha mkono amshike; Jerusha akasogea pembeni.

"Ungesema hata Julai hii tu," alisema Jerusha. "Nisingekudai hiyo miaka mingine. Ungesema Julai, ile moja ningeisoma."

Akaondoka kuelekea kwake, polepole, akishika uzio. Thankful alibaki ukutani akiikumbuka Julai. Kuna siku moja, kutwa nzima, walikaa wawili barazani kwa Jerusha wakimenya njegere, hapakupita mtu wa kuwakatiza, na Jerusha alimwuliza mara mbili mbona leo yuko kimya. Akamjibu ni joto.