Magadi Kwenye Chupa ya Papa

"Kwa huzuni kubwa, lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, tunatangaza kifo cha Jino la Papa, kilichotokea maabara baada ya kuugua kwa muda mrefu. Marehemu ameacha chupa moja na Nashipae."

Katoo alimaliza tangazo lake, darasa likacheka. Katoo alikuwa amewahi kutangaza vifo vya maharagwe ya Jumapili na vya bafu la wavulana, na siku zote Nashipae ndiye aliyecheka kwanza. Leo Nashipae alilishika jino kwa kibano, akaligeuza dirishani.

"Limeanza kuliwa," akasema. "Angalia makali yake."

Mwalimu Wakhungu ndiye aliyewaletea meno mawili kutoka soko la samaki Mombasa, kwa ajili ya mashindano ya sayansi. Kila moja lilikaa kwenye chupa ya maji ya chumvi. Chupa ya kwanza iliachwa ilivyo. Ya pili waliipulizia pumzi kila asubuhi kwa mrija wa kalamu, kwa kuwa hewa tunayoitoa ndiyo ile ile iliyo ndani ya moshi wa magari na viwanda, na ikizama baharini maji hugeuka asidi. Walitaka kujua kama papa ataweza kuishi humo.

"Lakini ulisema damu yake iko na dawa," Katoo alisema.

"Damu, ndiyo. Asidi ikizidi, damu inajiwekea kitu kama magadi, inatulia. Meno yako nje, Katoo. Nje hakuna wa kuyasaidia." Alilirudisha jino chupani. "Ng'ombe wa baba waliisha wote kwa ukame kule Kimana, mpaka yule wa maziwa ya mtoto. Nilikuwa nataka mnyama mmoja tu ambaye haya mambo hayatammaliza. Mmoja."

Kabla ya chakula cha mchana Katoo alipita jikoni, akachota magadi yale yale yanayolainisha maharagwe ya shule, akayakoroga kwenye chupa ya pili mpaka yakapotea. Tangu hapo jino halikuliwa tena. Nashipae alilipima, akalipima tena, akaanza kuimba akifagia maabara. Katoo alijiona mtakatifu. Alikuwa tayari hata kupewa sikukuu yake kwenye kalenda.

Kajiado mjini, ukumbini, mwamuzi alikuwa Madam Nyakio, mama mpole mwenye miwani iliyoning'inia shingoni.

"Lilianza kuharibika, halafu likazoea," Nashipae alimweleza, macho yaking'aa. "Kwa hivyo kuna matumaini."

"Jino limeshang'olewa, mami. Linazoea kwa kutumia nini?"

Madam Nyakio alichovya karatasi nyekundu ya kupima asidi kwenye chupa ya pili. Ikageuka buluu, buluu ya sare ya shule: asidi haikuwemo tena. Nashipae aliitazama ile karatasi, kisha akachovya kidole na kukisugua kwa kidole kingine. Maji yaliteleza. Mtoto wa Kajiado, ambako magadi huchimbwa ziwani, haambiwi hiyo ni nini. Alimgeukia Katoo, ambaye ghafla alikuwa amependezwa sana na dari.

"Ni magadi, madam."

"Nani ameweka?"

"Mtu alitaka nifurahi."

Madam Nyakio hakuwagombeza. Alivaa miwani, akaandika kitu kifupi. "Na bahari," akauliza, "nani ataiwekea?"

"Tunaweza kuomba malori," Katoo akasema. Hakuna aliyecheka, na hata yeye alisikia jinsi sauti yake ilivyokuwa ndogo.

Waliporudi shuleni Kitengela, Nashipae alikwenda moja kwa moja maabara. Aliiosha chupa ya pili, akatia maji mapya na chumvi, akalidondosha jino ndani. Likagonga kioo, likatulia chini. Kisha akamnyooshea Katoo mrija wa kalamu.

"Puliza."

"Nashi, pole. Kweli. Tuliache tu hivyo."

"Ukiliacha, utaacha na kupumua? Matatu zitaacha kutoa moshi? Nataka kujua litachukua muda gani. Puliza."

Katoo aliinama, akapuliza. Mapovu yalipanda yakilizunguka jino, madogo, meupe, mazuri kuyatazama. Alijaribu kukumbuka tangazo lake linavyoanza, "Kwa huzuni kubwa," lakini halikufika mbali. Akavuta pumzi nyingine, akapuliza tena.