Ghorofa ya Kumi Iko Chini

Asubuhi ya mkutano, fundi wa lifti waliyemwita Kiberiti alikuwa juu kabisa ya jengo, anapaka grisi kamba za chuma. Mama yake, mpika chai wa ofisi hiyohiyo, akamletea kikombe, akamwambia afute pua, wageni wanakuja.

Wageni walitoka nchi maskini kuliko hii. Walikuwa wameitwa wafundishwe kuwekeza. Viatu vyao vilikuwa vimelika visigino. Wakaingia kwenye lifti, ikawapandisha mpaka ghorofa ya kumi bila hata kutikisika. Kisha ikawa zamu ya wakubwa wa nchi, Mkurugenzi mbele, mama yake Kiberiti na birika lake nyuma. Mkurugenzi akabonyeza kumi. Lifti ikashuka. Ikapita chumba cha jenereta, ambacho ndicho mwisho wa jengo, ikaendelea.

Kiberiti akakagua mota, fyuzi, nyaya. Vyote vizima. Mgeni mmoja, mhasibu mwenye mvi, alikuja kumtazama.

"Usijichoshe, mwanangu. Sisi kila mia tunayopata, thelathini tunajengea. Barabara, umeme, mitambo. Nyie mnajengea ngapi?"

"Mi nitajuaje, mzee? Mi natengeneza lifti."

"Kumi na moja. Hela mnatushinda mbali, ila mnazila. Lifti yenu haipimi hela, inapima mnachojenga tu."

"Na mama'ngu kala nini? Yeye anapika chai."

"Kapanda na watu wa nchi yake," mhasibu akasema, akaomba aonyeshwe choo.

Jioni lifti ilirudi. Wakubwa wakatoka wanapangusa udongo mabegani, wanasifia pilipili ya mchana. Mama akatoka mwisho, sketi imelowa mpaka magotini.

"Kuna nini huko?" Kiberiti akamuuliza.

"Giza. Maji nayo yanapanda. Ila meza ipo, na wanakula vizuri."

"Acha kazi, mama."

"Halafu dawa za baba yako tununue kwa grisi yako?"

Kesho yake lifti ilishuka zaidi. Kiberiti akaangalia gurudumu la kamba, akaona mizunguko iliyobaki inahesabika. Akaingia kwa Mkurugenzi bila hodi.

"Bosi, kamba inaisha. Anzeni kujenga kama wenzenu, au pandeni ngazi."

"Ngazi? Wageni watuone tunahema?" Mkurugenzi akafungua droo, akatoa vibandiko vya namba. "Kabandike hivi. Kule tunakofika ndiyo ghorofa ya kumi."

"Na mama'ngu?"

"Hakuna anayeipatia chai yangu kama yeye."

Kiberiti akabandika. Angekataa, wangeleta fundi mwingine, asiye na mama mle ndani.

Siku ya kufunga mkutano, redio ilitangaza kwamba nchi imewapita wageni wake kwa ghorofa. Mama akavaa mabuti ya mvua, akabeba birika, akasimama mahali pake nyuma ya wakubwa. Kiberiti akapanda juu, akafunga vitambaa mikononi, akaishika kamba. Lifti ikashuka, ikashuka. Mzunguko wa mwisho ukatoka kwenye gurudumu, na uzito wote ukamjia viganjani. Katikati ya uzito ule akamjua mama yake, mwepesi kuliko wote.

Kutoka chini kabisa, sauti ya Mkurugenzi ikapanda na harufu ya matope.

"Hivi hakuna ghorofa ya juu zaidi ya hii?"

Kisha mtu akabonyeza.