Wimbo Ambao Haukufungwa

Kwaya ya Tlawi ilikuwa na sheria moja iliyoshinda nyingine zote: wimbo hauishi mpaka Mwalimu Evarist afunge ngumi. Maneno yanaweza kuisha, pumzi ikakupungukia, mtoto akaanza kulia mgongoni kwa mama yake, lakini kama mkono wa kulia wa Mwalimu bado uko wazi hewani, wewe unashikilia sauti yako hapo hapo ulipo. Akifunga ngumi, mnakata wote kwa pamoja. Mapadri wageni walikuwa wanashtuka, maana kanisa zima lilikuwa linanyamaza ghafla mpaka unasikia ng'ombe wakitafuna huko nje.

Marieta aliijua ngumi hiyo tangu akiwa na miaka tisa. Mama yake alipofariki, Mwalimu Evarist ndiye aliyemchukua kila Jumamosi, akamfundisha nota kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko lake, doo chini karibu na mafiga, doo ya juu karibu na dari. Sasa Marieta alikuwa na miaka hamsini na mmoja, ana mashamba yake ya maharage na wajukuu wawili, ndiye kiongozi wa sauti ya pili na msaidizi wa Mwalimu. Alimpenda yule mzee kuliko alivyowahi kumpenda baba yake mzazi, na hakuona haya kusema hivyo.

Ilikuwepo enzi, jamani. Kanda za Tlawi zilipigwa redioni na kwenye harusi kuanzia Mbulu mpaka Katesh. Watu walikuwa wanaacha kupukuchua mahindi wakisikia Ludovika anaanza, halafu chini yake anaingia Joakimu na ile sauti ya nne iliyokuwa inatikisa vikombe kabatini. Mwalimu anatunga, Ludovika anapanda, Joakimu anashuka. Ungewaambia watu wa wakati ule kwamba hawa watatu wataisha, wangekucheka.

Wakaisha. Ludovika alipata uvimbe wa shingo, akapasuliwa, akatoka na mnong'ono tu. Siku hizi anauza vitunguu swaumu sokoni Dongobesh, na wateja wanaomlalamikia kwamba haongei vizuri hawajui wanamlalamikia nani. Joakimu alishikwa na kifua, akarudi kwao Masakta kuugulia, akafia huko miaka sita iliyopita. Kinanda cha kanisa kililiwa nyaya na panya. Basi sauti ya kuanzia wimbo ikabaki inatoka sehemu moja tu, kooni kwa Mwalimu Evarist, mwenye miaka sabini na minane.

Aliyesema kwanza alikuwa mgeni. Huwa ni mgeni. Rahel, muuguzi wa zahanati aliyehamishiwa Tlawi kutoka Songea na kujiunga na kwaya, alikuwa na kitu ndani ya simu yake kinachoonyesha kama sauti imepanda au imeshuka. Siku moja baada ya mazoezi alimfuata Marieta nje.

"Shikamoo, mama. Samahani. Ile doo anayotupa Mwalimu siyo doo."

"Marahaba. Siyo doo ni nini?"

"Iko chini sana. Nimepima wiki nane, na kila wiki inashuka zaidi. Mimi nilidhani mnajua."

Walijua. Wote walijua. Soprano walikuwa wameanza kuimba kama wanaume, wanaume walikuwa wanaguna tu. Lakini utamwambiaje mzee aliyekufundisha kufungua kinywa kwamba sauti yake imezama? Unasema shikamoo, unashuka naye. Mwaka mzima kwaya ilikuwa inamsindikiza kwenda chini kwa adabu, na kila mmoja akijisifu moyoni kwamba ana heshima.

Halafu likaja jambo la mwezi wa tatu. Kulikuwa na msiba upande wa Bashay, na waimbaji wote wa sauti ya nne walikwenda kuzika. Waliobaki mazoezini walikuwa wanawake kumi na mmoja na wanaume wawili wa sauti ya tatu. Saa tisa mchana, jua limejaa madirishani. Mwalimu akatoa doo yake ya shimoni, wakaanza, na walipofika ubeti wa pili Marieta akasikia sauti ya nne.

Akahesabu watu. Akahesabu tena. Sauti haikutoka upande wowote. Aliisikia kwenye nyayo zake, kupitia soli za viatu, kana kwamba sakafu ndiyo inaimba. Ilikuwa na ule mkwaruzo mdogo mwanzoni mwa kila pumzi, na Marieta aliufahamu mkwaruzo huo, alikuwa amesimama mbele yake miaka ishirini.

Mwalimu akafunga ngumi. Wote wakakata. Ile sauti haikukata.

Iliendelea peke yake, chini, imenyooka. Mwanamke mmoja akachukua kitenge chake akatoka bila kuaga. Mwalimu alisimama ameinamisha kichwa, anatabasamu, kama mtu anayemsikiliza mwenzake akipiga soga. Marieta aliogopa sana, na alichokiogopa zaidi ni lile tabasamu.

Kuanzia siku hiyo kwaya ikaanza kupukutika, huyu ana mgonjwa, yule ana palizi. Na Mwalimu akaanza kukonda. Koti lake la Jumapili lilimpwaya, mashavu yakaingia ndani. Marieta alipiga hesabu yake mwenyewe. Joakimu anamvuta. Kila wiki anamshusha kidogo, na siku atakapofika kule sauti ilipo, hatapanda tena.

Jumatano akapanda gari la Dongobesh, akamkuta Ludovika amekaa nyuma ya mafungu yake ya vitunguu swaumu. Akamsimulia yote. Ludovika hakushangaa hata kidogo. Alimvuta karibu ili mnong'ono wake umfikie.

"Ulikuwepo kwenye mazishi ya Joakimu?"

"Nilikuwepo, dada."

"Tuliimba nini kaburini?"

"'Mlinzi wa Zizi'. Si ndio ulikuwa wimbo wake."

"Na nani aliufunga?"

Siku ile ilimrudia Marieta yote. Walikuwa wamekodi lori kutoka Tlawi mpaka Masakta. Wingu jeusi lilikuwa limeshasimama juu ya mlima, na dereva anapiga honi kwa hasira kwamba udongo ule ukilowa hawatoki mpaka kesho kutwa. Walikuwa kwenye neno la mwisho, lile ambalo Joakimu alizoea kulishikilia peke yake baada ya wengine kupungua. Mwalimu alikuwa ameinua mkono. Honi ikapigwa tena, mtu akapiga kelele "Mvua!", na watu wakakimbilia lori. Mwalimu walimshika kiwiko wakampandisha, analia, mkono bado uko wazi.

"Hakufunga," alisema Marieta.

"Hakufunga," alinong'ona Ludovika. "Na Joakimu unamjua. Lini aliwahi kukata kabla ya ngumi?"

Marieta alirudi Tlawi moyo umemtulia kidogo, maana sasa alikuwa na la kufanya. Alimkuta Mwalimu nyuma ya nyumba anatazama ng'ombe. Alitoa shikamoo mara tatu ndipo mzee akageuka, akamtazama midomo, akaitikia marahaba. Uzee, alijisemea Marieta. Akamweleza polepole kwamba mwezi wa sita ni kumbukumbu ya Joakimu, kwamba ingefaa waende Masakta, wamwimbie.

"Twende," alisema Mwalimu mara moja. "Yeye ndiye anayeniita mimi kila siku. Ni haki nami nimwendee."

Marieta alikwenda nyuma ya zizi akalia.

Walifika Masakta Jumamosi, saa nne asubuhi, watu kumi na wawili tu, pamoja na Rahel na Ludovika. Genoveva, mjane wa Joakimu, aliwapokea kwa chai na viazi. Kaburi lilikuwa kando ya shamba la mahindi, msalaba wake wa saruji umeshaota ukungu wa kijani. Genoveva hakutaka kusogea karibu nalo.

"Mbuzi hawali upande ule," alimwambia Marieta kwa sauti ya chini. "Majani yamefika magotini, hawagusi. Na ukiweka ndoo ya maji pale, maji yanatetemeka. Nimemwambia padri, akaniambia nisali."

Baada ya misa ya kumbukumbu wakalizunguka kaburi. Ukungu ulikuwa umeteremka kutoka mlimani, na mahindi yalionekana mistari mitatu tu, wa nne ukapotea. Mwalimu Evarist alisimama upande wa kichwani. Akavua kofia. Akatoa sauti.

Ilikuwa chini kuliko siku zote. Rahel alitazama simu yake, akaizima. Wanawake hawakuweza kuimba pale, walitamka maneno tu. Wanaume waliguna. Lakini chini ya miguu yao, kwenye ule udongo, ikaingia sauti ya nne, safi, nene, kila neno likisikika. Katika kwaya nzima ya Tlawi, anayeimba kwelikweli alikuwa yule aliyezikwa. Mwalimu alikuwa anamfuata neno kwa neno, amefumba macho, machozi yanashuka, na uso wake ulikuwa uso wa kijana.

Wakafika neno la mwisho. Mkono wa Mwalimu ukapanda, ukabaki wazi. Waimbaji wakashikilia. Pumzi ikamwisha mmoja, wa pili, wa tano, mpaka wote wakanyamaza, na ile sauti ikabaki peke yake chini ya msalaba. Nyasi ndefu zilikuwa zinatetemeka bila upepo. Dakika ikapita. Mkono haukufungwa.

"Mwalimu, funga," alisema Marieta. "Mwache apumzike. Funga."

Hakugeuka hata kidogo.

Marieta aliona midomo ya mzee inakuwa ya bluu, na hapo akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa kwaya ile aliyewahi kulifanya. Alipiga hatua, akaushika mkono wa kulia wa Mwalimu Evarist kwa mikono yake miwili, akaanza kuvikunja vidole. Vilikuwa baridi. Vinne vilikubali. Kidole cha mwisho kilikaza kwa nguvu ambazo hakuzitegemea kwa mzee aliyekonda vile, akakibana mpaka kikalala na wenzake. Ngumi ikafungwa.

Sauti ikakata.

Ilikata vizuri, kama enzi zile. Nyasi zikatulia. Muda si mrefu mbuzi mmoja wa Genoveva akatokea kwenye ukungu, akaja mpaka kaburini, akaanza kula. Genoveva akashika kichwa, kisha akapiga kigelegele, na watu wote wakaanza kucheka na kulia kwa pamoja. Rahel, bila kuambiwa na mtu, akafungua simu, ikatoa doo, doo yenyewe, ile ya kwenye kanda. Wakaanza upya "Mlinzi wa Zizi" kule juu mahali pake. Sauti zilizokuwa zimefungiwa mwaka mzima zilipanda kama ndama waliofunguliwa asubuhi. Hata Ludovika alikuwa ametanua kinywa, anapanda na mnong'ono wake. Marieta alijiona amefanya jambo kubwa. Bado alikuwa ameishika ile ngumi, akageuka kumtazama Mwalimu wake, akiamini amemwokoa.

Mwalimu Evarist alikuwa anatazama vinywa. Alitazama cha Rahel, akatazama cha Ludovika, akatazama vya wote, kimoja kimoja, na uso wake ukawa unazeeka upya.

"Marieta," alisema, "mbona mmenyamaza?"

Walikuwa wanaimba kwa nguvu zao zote. Marieta alimsogelea, akapaza sauti. "Hatujanyamaza, Mwalimu! Tunaimba!"

Mzee alimsoma midomo, akatikisa kichwa.

"Masikio yangu yalikufa mwaka ule aliokufa Joakimu," alisema polepole, kwa sauti ya juu isiyo na kipimo, kama wanavyosema watu wasiojisikia. "Sikuwaambia. Ningewaambiaje? Alibaki yeye tu. Huyo nilikuwa namsikia. Nilikuwa nachukua sauti kwake, nawapa ninyi." Akauangalia mkono wake uliofungwa ndani ya mikono ya Marieta. "Ameenda wapi?"

Marieta alivifungua vile vidole haraka haraka, kimoja baada ya kingine, na safari hii havikubisha. Aliuinua mkono wa mzee hewani, wazi, akainama, akasikiliza chini, akakandamiza nyayo zake kwenye udongo. Hakukuwa na kitu. Mbuzi alikuwa anatafuna.

Na kwaya, ambayo ilikuwa imefika neno la mwisho, iliuona mkono wa Mwalimu uko wazi. Basi walishikilia, kama walivyofundishwa. Walishikilia kule juu, wakimtazama yeye, mishipa imewasimama shingoni, wakingoja afunge. Naye aliwatazama vinywa vyao vilivyo wazi, hajui kama kuna kitu cha kufunga.