Bakuli la Karani wa Maji

Jumamosi saa nne asubuhi, mke wa karani alimfunga mtoto mgongoni, akaiviringisha brashi ya kunyolea ya mumewe kwenye kitambaa, akapanda mtaa wa juu kwa mfinyanzi kuagiza bakuli la sabuni. Mumewe alikuwa akikorogea sabuni kwenye kikombe cha plastiki kilichopasuka mdomo, na kila mwisho wa mwezi alijikata kidevu. Mwezi uliopita alikwenda kazini na vipande vitatu vya karatasi ya chooni usoni, wenzake wakamwita Mabango mpaka jioni.

Mfinyanzi, mama wa makamo mwenye vidole vifupi vinene, aliipima brashi kwa shubiri.

"Nitakutilia mistari ndani chini, povu lipande upesi. Kishikio je?"

"Pa kupitisha kidole tu, mama."

"Sawa. Udongo ninao, mwanangu. Maji ndiyo sina."

Mke wa karani alitazama bomba lililosimama uani. "Na hilo?"

"Hilo pambo. Mwaka juzi walikuja kulipaka rangi. Maji tunateka bondeni, saa nzima kwenda, na kurudi usiniulize. Mumeo anafanya kazi wapi?"

"Ofisi ya maji."

Mfinyanzi alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi mpelekee salamu zetu!"

Jioni ile mke alizipeleka salamu. Karani hakuficha. Kila mwisho wa mwezi alijaza fomu yenye swali moja kwa kila mtaa: Maji yanafika? Ukiandikiwa Hapana, mafundi lazima watumwe. Mbele ya mtaa wa juu aliandika Ndiyo, mwaka wa nne sasa, kwa sababu mkubwa wake alishasema kwamba bomba likifika, maji yatakosaje.

"Mwezi huu andika Hapana, baba," mkewe akamwambia.

"Nikiandika, kesho yake sina kazi. Mtoto atakula hiyo Hapana?"

Mke alijaza dumu la maji kwenye bomba lao na kulipeleka kwa mfinyanzi, na baada ya wiki mbili bakuli likawa tayari: zito kiasi, rangi ya kahawia iliyoungua, kingo laini.

Jumatatu karani alimimina maji ya moto bakulini, akatia sabuni, akageuka kuchukua brashi. Alipogeuka tena, bakuli lilikuwa tupu. Alipapasa meza. Pakavu. Alikuwa amechelewa, akajinyoa kwa kikombe chake kile kile. Jumanne yalitoweka hata kabla hajatia sabuni, na Jumatano vivyo hivyo.

"Linakunywa," alimwambia mkewe, kama mtu anayesema mlango unakwaruza.

Mke akalirudisha mtaa wa juu. Mfinyanzi aliligonga kwa ukucha, likalia vizuri.

"Hili zima. Haliyanywi, yanakuja huku." Akafunua mtungi wake. "Kila siku saa kumi na mbili na robo, tena vuguvugu. Siku ya kwanza yalikuja na povu, uji ukanishinda kunywa. Mwambie asitangulize sabuni."

"Nitamwambia."

"Au nikufinyangie jingine, lisilo na safari?"

Kwenye kizingiti walikaa majirani watatu, kila mmoja na kikombe chake mapajani. Walikuwa wanaongea habari za kuku. Mfinyanzi aliwamiminia kidogo kidogo, akikadiria kwa jicho, na mtungi ukaisha kabla ya wa tatu. Huyo wa tatu alikiinamisha kikombe chake, akasema kesho ataanza yeye.

"Hapana, mama," alisema mke wa karani. "Nalitaka hili hili."

Karani naye hakuleta ubishi. Kila asubuhi alitangulia kumimina maji safi bakulini, akangoja yaende, kisha akajinyoa kwa kikombe. Siku nyingine hata alimuuliza mkewe kama si vizuri kuyapoza kwanza, wasije wakaungua huko. Mkewe alimsikiliza akiwa ananyonyesha, na moyo wake ukawa mwepesi. Alijiambia kwamba mtu anayewakumbuka watu wa mtaa wa juu kila siku kabla hajakumbuka kidevu chake, mwisho wa mwezi hawezi tena kuwaandika uongo.

Mwisho wa mwezi ukafika. Karani alitoka nyumbani uso mzima, hana hata mkwaruzo. Mkewe alishinda akichungulia dirishani.

"Umeandika nini?" alimuuliza kabla hajavua viatu.

"Ndiyo."

"Ndiyo?"

"Kwani hayafiki? Fomu haiulizi kiasi gani." Alitundika koti lake. "Miaka minne yote, leo ndiyo mara ya kwanza sikudanganya. Mkono haukutetemeka kabisa."

Alikula akaongeza, akacheza na mtoto, akalala mapema. Mke alijaribu kugomba, akakosa pa kuanzia, maana kila neno alilosema mumewe lilikuwa kweli.

Kesho yake mke aliamka kabla ya mumewe. Alipasha moto sufuria kubwa kuliko zote alizokuwa nazo, ili leo yaende mengi, akajaza bakuli hadi kwenye ukingo. Maji yakaenda. Akajaza mara ya pili, akavuta kigoda, akakaa, akangoja. Saa kumi na mbili na nusu. Saa moja kasoro robo. Maji hayo ya pili yalitulia pale pale, kama maji ya bakuli lolote. Yalipopoa, alimnawisha mtoto uso.