Uchungu Usio na Harufu

Mbuyi alipokuwa bado Lubumbashi, vidole vyake vilinuka mbawakawa. Alishinda kwenye bustani za maharagwe kando ya mto Naviundu, akiokota wale wadogo wekundu wenye madoa meusi. Ukimshika mmoja, hutoa tone la njano magotini, chungu kiasi kwamba sisimizi akilionja hukimbia. Mkewe Joséphine, mkemia wa chuo kikuu, alimkataza kugusa mkate kabla hajanawa.

Kisha Mbuyi akapata nafasi ya utafiti Ubelgiji.

"José," alimwambia akifunga sanduku, "tukipata kidogo tu ya ile sumu ya mbawakawa, tunafukuza badudu mingi sana. Ujaribu kuitengeneza mu labo."

Joséphine alijaribu. Umeme ulikatika mchanganyiko ukiwa motoni. Kemikali zilikwama mpakani. Alianza upya, tena na tena, na hakumwambia mtu sababu yake nyingine: siku atakayofaulu, atafungua chupa, na nyumba yao ya mtaa wa Makomeno itanukia tena mume wake.

Mwezi wa tatu akapata chembe nyeupe. Mashine ikathibitisha kuwa ni sumu ileile ya mbawakawa. Akainama, akanusa.

Hakuna kitu. Harufu ya mbawakawa hutoka kwenye kemikali nyingine; harufu humwonya adui, uchungu humfukuza. Hilo alilijua tangu zamani. Moyo wake ndio uliokuwa haujasoma.

Mwanafunzi wake, Kunda, akatia chembe kidogo katika maji ya sukari. Sisimizi wakaonja, wakarudi nyuma wakijifuta vipapasio. Kunda akapiga makofi. Joséphine akatoka nje kwenye baraza ya maabara na kumpigia Mbuyi simu.

"Sisimizi imekataa," alisema.

"Yote?"

"Yote."

Mbuyi akacheka.

"Lakini haina harufu," Joséphine akasema.

"Harufu iko kitu ingine, unajua."

"Najua. Nilikuwa nataka harufu yako."

Mbuyi akamwambia alichokuwa akikificha tangu Noeli: alikuwa amesaini mkataba mwingine wa kubaki Ubelgiji.

"Ulikuwa unangoja nini kuniambia?"

"Niliogopa. Kuja huku, José. Labo iko, umeme iko."

Joséphine akatazama ndani. Kunda alikuwa tayari anaandaa sahani nyingine, akiimba polepole.

"Nitakuja kiangazi, wakati badudu iko kidogo. Kisha nitarudi kwa kazi yangu."

"Na miye?"

"Weye utanisindikiza ku aéroport. Siku moja utapanda ndege na weye, urudi nyumbani."

"Sawa," Mbuyi akasema. Haikuwatosha, na wote wawili walijua.

Hakuna aliyekata simu. Upande wa Mbuyi gari lilipita. Kisha Mbuyi akauliza ni nini ile inayopiga kelele huko, kama ni mabati ya paa.

"Ni mvua," Joséphine akamwambia, akanyoosha mkono wenye simu nje ya baraza ili Mbuyi asikie vizuri.