Ndugu wa Karibu wa Injinia Blomu

Jana usiku nimeota ile barua pepe ya urithi imekuja kwangu kwa miguu. Imevaa tai, imeketi mkekani bila hata kukaribishwa. Injinia Hendriki Blomu, ikasema, amekufa kwa ajali ya ndege. Kaacha dola milioni tisa, hana mke wala mtoto.

"Anatafutwa ndugu yake wa karibu."

Nami na tamaa zangu nikajibu, "Ndiye mimi."

"Una hakika?"

"Damu moja." Mzungu mwenyewe sijamwona hata kwa picha.

"Basi twende. Anayengojwa ni wewe tu."

Navuka kizingiti cha chumba changu, nakanyaga udongo mbichi. Ni makaburini. Wanaume wa kanzu na kofia wananipa mkono mmoja mmoja. "Pole, Badi. Msiba wetu sote." Kaburi liko wazi. Naambiwa nishuke upesi, maana maiti hupokewa na ndugu wa karibu.

Lahaula! Mimi nilidhani urithi unaanzia benki.

Nashuka. Wananipa Injinia, mzito huyo, sanda yake ina baridi ya friji. Namlaza kwenye mwanandani, ule ubavu wa kaburi uliochimbwa ndani, nanyoosha mkono nivutwe. Hakuna anayeushika.

"Bado kumsomea talkini," anasema shehe kutoka juu. "Maiti huitwa kwa jina la mama yake. Mama yake nani?"

"Sijui."

"Ndugu gani wewe, humjui mama? Na useme kwa uangalifu. Utakayemtaja ndiye atakuwa mama yake, hatubadilishi tena."

Udongo unaanza kunimwagikia miguuni.

"Usinichukie, bwana," linasema jembe. "Ndiyo kazi yangu."

"Ngojeni! Mimi si nduguye! Nimedanganya!"

"Wote husema hivyo wakishafika humo," inasema barua pepe, imechutama ukingoni, inakung'uta tai. "Jina moja tu, utoke."

Udongo umefika kifuani, sasa shingoni. Niliogopa, wallahi niliogopa. Na mama ninayemjua mimi ni mmoja tu.

"Mwanakombo!" nikapiga kelele. "Mwanakombo binti Shee!"

Mikono ikanivuta papo hapo. Barua pepe ikaandika, ikanishukuru kwa ushirikiano.

Nikaamka. Kumekucha. Mama yuko ukumbini, keshasali, anawaombea maiti wake kwa majina kama ilivyo desturi yake: baba, bibi, shangazi Tatu. Nikasimama mlangoni kumsikiliza. Yuko mzima, nikashukuru Mungu.

"Na mwanangu Hendriki," akasema, sauti ikamkatika, "umlaze pema."

"Mama, Hendriki nani?"

Akageuka. Macho yamemvimba kwa kulia.

"Ndugu yako, Badi. Si jana tu umemzika kwa mikono yako?"